Miaka ya Keya ya Marehemu Balozi Nikodemo Mgaya

Mchungaji, Mheshimiwa mwakilishi wa Ubalozi wetu, majirani wa hapa Wembley, jamaa mliotoka Reading na Leicester, na ninyi wenzetu wa Kenya ambao tangu Jumamosi mmekuwa mkipika, mkiimba na kukesha nasi katika msiba huu, mimi ni Victor Mgaya, mtoto wa mdogo wake marehemu, kwa hiyo marehemu ni Baba yangu Mkubwa, na familia imenituma nisome maisha yake kabla hatujafunga jeneza na kumsindikiza uwanja wa ndege. Mimi ni dereva wa basi, kusoma mbele za watu sikuzoea, lakini naomba mnivumilie kwa sababu nyingine pia, nayo ni kwamba historia hii iliandikwa mara mbili, na ninayoisoma ni ile ya pili.

Balozi Nikodemo Mgaya alizaliwa tarehe 4 Aprili 1925 katika kijiji cha Imalinyi, wilayani Njombe, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yeremia Mgaya na marehemu Bibi Damari. Alibatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya misheni mwaka 1934, akamaliza darasa la nne mwaka 1938, na hapo masomo yakakatika kwa sababu baba yake alifariki na ng'ombe wakakosa mtu wa kuwachunga, jambo ambalo lilimuuma mpaka uzeeni, maana alikuwa akisema ng'ombe wenyewe walikuwa saba tu na wote wakaidi.

Tarehe 11 Februari 1943, akiwa hajatimiza miaka kumi na minane, alitembea kwa miguu hadi bomani Njombe, ambako maofisa wa jeshi la Mwingereza, lile ambalo kwetu liliitwa Keya, walikuwa wakiandikisha vijana, akawaambia ana miaka ishirini, akapimwa kifua, akakubaliwa. Hakuburutwa na mtu, na napenda ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye, alipokuwa mtu wa siasa, watu walimpamba wakasema alichukuliwa kwa nguvu, naye akawaacha waseme. Alikwenda kwa sababu alikuwa amechoka na ng'ombe, aliona viatu na kofia ya askari aliyekuja likizo kijijini, na alitaka kuiona dunia kabla dunia haijaisha.

Na dunia aliiona. Alipelekwa Tabora kwa mafunzo, kisha Mombasa, kisha Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka, na mwezi wa Agosti 1944 kikosi chake kikaingia Burma kupigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha usiku na mchana, ruba wakiwaingia hadi ndani ya soksi, malori yakizama, mpaka mizigo yote ikabebwa na nyumbu na watu. Ninyi mliowahi kula chakula mezani kwa dada Salome, binti wa marehemu, mnazijua hadithi hizi kuliko mimi, jinsi nyumbu mmoja alivyogoma katikati ya tope na marehemu akamwimbia wimbo wa kanisani mpaka akainuka akaenda, jinsi walivyovuka mto Chindwin mwezi wa Desemba juu ya maboya huku yeye, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, akiwa amefumba macho, jinsi alivyopata utepe wa koplo akiwa na miaka kumi na tisa kwa kumrudisha ofisa aliyejeruhiwa, akiwa amembeba mgongoni. Wajukuu wake waliozaliwa hapa Landani, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza, walikuwa wakimdai kila Jumapili, "Babu, do the mule," naye alimwigiza nyumbu, masikio na yote, Waziri mzima wa zamani, mpaka machozi ya kicheko yanatutoka.

Hadithi hizo zote zilikwisha mwezi wa Machi 1946, meli ikitia nanga Dar es Salaam. Hata mara moja hazikuvuka hapo, na sisi tulidhani zimekwisha kwa sababu vita vilikwisha.

Sasa, historia ya kwanza iliandikwa na kaka Elia, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyefika Jumatatu kutoka Dar es Salaam, na ilikuwa nzuri, kaka Elia ni wakili na anajua kuandika, ila baada ya mwaka 1946 iliruka moja kwa moja hadi mwaka 1956. Jumanne jioni tulikaa kikao cha familia sebuleni kwa dada Salome, na dada Salome akasema baba aliagiza kwa mdomo wake, mbele yake na mbele yangu, kwamba siku ya kusoma maisha yake tusiruke. Kaka Elia akasema, "Victor, ile ni ibada ya kumuaga baba, siyo mahakama, na marehemu hana namna ya kujitetea." Akatukumbusha kwamba Ubalozi utakuwepo, magazeti ya nyumbani yatachapa, na akateremsha sauti akaonyesha kidole jikoni, ambako akina mama wa Kenya walikuwa wakituandalia chakula. Hoja zake hazikuwa za kijinga, nami sitaki mtu atoke hapa akidhani kaka yetu alikuwa anaficha kwa aibu yake mwenyewe, alikuwa anamfunika baba yake, na mtoto gani hafanyi hivyo.

Lakini sote tulioko humu tumekaa kwenye misiba ya kutosha, tunajua waombolezaji wanavyosikiliza, wanahesabu miaka vidoleni, na msomaji akiruka mitatu tu watu wanaangaliana. Tulikuwa tunataka kuruka kumi. Hapo ndipo Peris, ambaye wengi mnamfahamu, jirani yetu wa ghorofa ya pili na ndiye mlezi aliyemhudumia marehemu nyumbani kwa miaka mitatu, mzaliwa wa Nyeri, alitoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, akasema, "Mimi najua hiyo miaka, Mzee aliniambia mwenyewe. Mkiruka, mimi nitakuwa nimekaa hapo church nikihesabu." Kaka Elia aliweka kalamu chini, na juzi akaturuhusu, kwa shingo upande, lakini akaturuhusu.

Kwa hiyo naisoma miaka hiyo. Mwaka 1946 marehemu alirudi Imalinyi na sare, blanketi na cheti, akakuta hakuna kazi kwa mtu wa darasa la nne zaidi ya kukata mkonge Tanga, akakaa miaka miwili, na tarehe 3 Mei 1948 akarudi jeshini kwa hiari yake. Mwaka 1951 alipandishwa cheo akawa sajini, na mwezi wa Aprili 1953 kikosi chake kikapelekwa Kenya, wakati ule Serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na watu waliokuwa msituni wakidai ardhi yao na uhuru wao. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alituambia, nami nayarudia maneno yake kama alivyoyasema, "Nilikwenda kama nilivyokwenda Burma, nikifikiri ni safari nyingine."

Mwezi wa Juni 1954, katika kijiji cha Gakuraini, upande wa mlimani, kikosi kilipewa amri ya kuwahamisha watu wote kabla ya saa sita mchana, kuwapeleka kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na kuchoma nyumba ili watu wa msituni wasipate chakula wala mahali pa kulala. Sajini Mgaya alipewa nyumba za upande wa juu. Katika nyumba moja mama mmoja alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili kwamba mama yake mzazi yuko ndani, ni mgonjwa wa miguu, hawezi kutembea, na yeye peke yake hawezi kumbeba. Marehemu akamwambia atangulie na watoto, askari watamtoa bibi. Akawaagiza askari wawili wamtoe, akashuka kusimamia nyumba nyingine, aliporudi akakuta mlango uko wazi na askari wale hawapo, akajua bibi ameshatolewa, kwa sababu katika jeshi mtu akishatoa amri na asione walioamriwa, huhesabu kwamba kazi imekwisha. Kumbe askari wale walikuwa wameitwa na ofisa kwenda kushika ng'ombe. Marehemu hakuingia ndani kutazama. Aliliwasha lile paa la nyasi kwa mkono wake mwenyewe.

Yule mama alirudi na wanaume wawili na kitanda cha kumbebea, maana hakuwaamini askari, akakuta nyumba imeshashika. Hakupiga kelele, marehemu alisema, alimwangalia tu akamwambia, "Ulisema mtamtoa." Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyeuliza, na jioni walipewa sigara kama kawaida.

Tarehe 30 Aprili 1955 marehemu aliacha jeshi kwa ombi lake, akarudi Njombe, akamkuta mkewe na mtoto wa miaka minne aliyemkimbia. Nilisahau kusoma ndoa mahali pake, samahani, alifunga ndoa takatifu na Bi Tabita Mwinuka tarehe 17 Septemba 1949, wakajaliwa watoto watatu, Elia, Salome na marehemu Yeremia aliyefariki mwaka 1979. Mama Mkubwa Tabita alituambia zamani kwamba mumewe alirudi kutoka Kenya akiwa mtu asiyekubali moto uwashwe ndani ya nyumba mpaka ahesabu watu wote wako nje, nasi tukacheka, tukadhani ni mazoea ya jeshi.

Mwaka 1956 alijiunga na harakati za kudai uhuru, akazunguka Nyanda za Juu kwa baiskeli na kwa miguu, akajifunza kuhutubia, na yeyote aliyemsikia anajua sauti yake ilivyokuwa. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa mbunge, mwaka 1964 akateuliwa Waziri Mdogo, na kati ya mwaka 1972 na 1981 aliiwakilisha nchi yetu kama Balozi katika nchi mbili za Ulaya. Hayo mengine mwakilishi wa Ubalozi atayasema vizuri kuliko mimi, mimi niseme moja tu, kwamba katika miaka yote ya uwaziri hakukanyaga Nairobi. Kila safari ya Nairobi ilipopangwa alipatwa na malaria, au alikuwa na msiba, au alimsukumia mwenzake, mpaka mawaziri wenzake wakamtania kwamba anawadharau Wakenya, naye akakubali kudharauliwa yeye kwa jambo ambalo halikuwa kweli. Bungeni aliwahi kusema kwa hasira kubwa dhidi ya askari wanaochoma nyumba za watu katika nchi nyingine ya Afrika, hotuba ile ilichapwa, wakamsifu. Kaka Elia anayo nakala yake ukutani. Sijui alilalaje usiku ule, na kusema kweli nilipoyajua haya nilimkasirikia, nilikasirika mno, kwa sababu nilikuwa nimelelewa juu ya hotuba ile.

Mwaka 1991 Mama Mkubwa Tabita alifariki dunia, na mwaka 1994 marehemu, akiwa na ugonjwa wa figo, alikuja Landani kuishi na dada Salome hapa Wembley. Alisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, alitembea kwa fimbo hadi dukani kwa Firoz kununua magazeti na kubishana naye kwa Kiswahili juu ya Afrika Mashariki ya zamani, na kuanzia mwaka 2000, miguu ilipomshinda, Peris alianza kuja kila asubuhi kumwogesha, kumvalisha na kumnywesha uji. Walipendana. Alimwita "binti yangu", naye akamwita Mzee, na ugali wa Peris alisema ni wa kiaskari, yaani mgumu.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2003 mnakumbuka televisheni zilionyesha nini, vijana wa nchi hii wakiwa wamevaa sare za rangi ya mchanga, wakiwabusu mama zao, wakipanda meli kwenda vitani. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11, Peris akimvalisha soksi, marehemu alimwomba azime sauti, akamwuliza kwao ni upande gani wa Nyeri. Peris akamtajia. Akamwuliza kama anapajua Gakuraini. Peris akasema, "Ndiyo Mzee, ni kuvuka mto tu, kwenye ridge ya pili, ule mgongo wa mlima." Basi marehemu akamwambia yote niliyowasomea, na mwisho akamwomba amwulizie nyumbani kwao jina la yule bibi, kwa sababu alikuwa amemuua mtu na kwa miaka arobaini na tisa hakujua amemuua nani. Peris alimaliza soksi ya kwanza, akamvalisha ya pili, akanawa mikono, akaondoka.

Jioni ile marehemu alituita mimi na dada Salome, akatuambia vilevile, akatuagiza tusiruke. Nikamwuliza kwa nini alimwambia Peris wa watu, mwanamke anayemwogesha, ambaye mama yake mwenyewe alikulia ndani ya mojawapo ya vijiji vile vya handaki. Akanijibu, "Ningemwambia nani mwingine, wewe?" Jibu hilo bado linanichoma, na bado sidhani alimtendea Peris haki, kumpa mzigo ule juu ya kazi aliyokuja kuifanya.

Peris alirudi kesho yake. Kwa majuma mawili alimwogesha bila maneno zaidi ya geuka na inua mkono. Mwishoni mwa Februari alimpigia simu mjomba wake kijijini, mjomba akavuka mto akauliza. Wakati huo marehemu alikuwa amezidiwa, moyo umechoka, na madaktari wakakubaliana na familia kwamba abaki nyumbani. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 8 Machi 2003, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, dada Salome akiwa amemshika mkono.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka tisa, namshukuru Mchungaji, Ubalozi kwa kushughulikia kibali cha kusafirisha mwili, wafanyakazi wenzangu wa gereji ya mabasi waliochukua zamu zangu, Firoz aliyefunga duka leo, na majirani wote, na kwa wenzetu wa Kenya sina hata maneno, maana mmepika chakula cha msiba wa mtu ambaye leo nimewaambia alivyokuwa. Atakayeona hawezi kulibeba jeneza hili baada ya kusikia, hakuna wa familia hii atakayemlaumu.

Bado Peris. Jana alasiri tulipokuwa tunapanga viti humu ndani aliniita kando, akaniambia jambo, na leo asubuhi amenipa ruhusa niliseme. "Jina lilifika Wednesday," alisema, "na Thursday na Friday Mzee aliniuliza, binti, hujapata? Nikamwambia, bado, Mzee. Nilikuwa nalo hapa mdomoni. Nilitaka akae kidogo bila kujua, vile sisi tulikaa. Nilifikiri nitampatia Monday." Akalia, kisha akafuta uso akasema hajui kama anajuta, na nisimshukuru kwa kusamehe kwa sababu hajasema amesamehe, nimshukuru kwa kazi. Peris, tunakushukuru kwa kazi. Ameniomba pia lile neno tunalomalizia historia zote, ambalo sote tumekuwa tukilisubiri, leo nimpe aliyetangulia kufa.

Marehemu Wangui wa Gitahi alizaliwa Gakuraini mwaka ambao hakuna aliyeuandika, alilima viazi na mahindi, aliolewa, alizaa watoto wanne, aliugua miguu, na alifariki dunia mwezi wa Juni 1954 ndani ya nyumba yake, bila ibada na bila mtu wa kusoma maisha yake. Binti yake, yule aliyesimama mlangoni, alifariki mwaka 1988. Marehemu Wangui ameacha wajukuu tisa, na wawili kati yao wameambiwa kwa simu kwamba atasomwa leo.

Mama Wangui, pumzika kwa amani. Baba Mkubwa, jina ndilo hilo, nenda nalo.